Elimu ya Sheria na Haki ya Mjane wa Oyugis

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyewateremshia waja wake sharia ili wasimamishe uadilifu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, darasa yetu ya leo ni juu ya elimu ya sheria: ni nani aisomaye, yasomeshwa wapi, na ni nani apatwaye na hasara inapokosekana. Yawezekana msomaji akaliona jambo hili ni la mawakili na makadhi, wala halimhusu yeye muuza duka wa Mombasa au mvuvi wa Lamu. Twamsihi asubiri mpaka mwisho wa darasa, kisha ahukumu mwenyewe.

Kwanza tuyapambanue maneno. Tutasema "sharia" tukikusudia hukumu za dini yetu, zitokanazo na Kitabu na Sunna na ijtihadi za wanavyuoni. Tutasema "sheria" tukikusudia kanuni zilizotungwa na Bunge na kutumiwa na mahkama za serikali. Mwislamu wa Kenya yu chini ya zote mbili, na wengi wao wamo pia chini ya ya tatu, nayo ni mila ya kabila. Asiyejua mpaka wa kila moja ni kama msafiri aliyefika njia panda usiku bila ya taa.

KWA NINI OYUGIS?

Oyugis ni mji wa soko katika wilaya ya zamani ya Rachuonyo, ambayo leo imo katika Kaunti ya Homa Bay, juu ya barabara itokayo Kisii kwendea Kisumu. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo, na wengi wao ni Wakristo. Waislamu ni wachache. Lakini Uislamu si mgeni katika nchi hiyo: Kendu Bay, bandari ya ziwani isiyokuwa mbali na Oyugis, ilifikiwa zamani na wafanya biashara wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi, na wenyeji wengi wakasilimu. Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 2009 hata 2017, alikuwa mtu wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, naye alisilimu.

Sisi watu wa pwani tumezoea kuwa kadhi yuko mjini mwetu, sheikh yuko msikitini petu, na jamaa wote wa maiti ni Waislamu. Kwa hivyo hatujui nguvu ya nyuzi zinazotushika, maana hazijapata kuvutwa. Mahali kama Oyugis ndipo nyuzi hizo zinapovutwa, na ndipo ionekanapo ni ipi imara na ni ipi iliyooza. Ndiyo maana tumeichagua.

MAS'ALA YA ZAIDI

Wanavyuoni wa fiqhi wakitaka kupiga mfano humtaja Zaidi na Amri, watu wasiokuwako ila ndani ya mas'ala. Nasi na tuifuate desturi hiyo.

Tuseme Zaidi ni Mjaluo wa Oyugis aliyesilimu ujanani mwake. Alioa kwa ndoa ya Kiislamu mwanamke aitwaye Zainabu, akazaa naye mtoto mmoja mwanamume na mabinti wawili. Baba yake amekwisha kufa. Mama yake yu hai, naye si Mwislamu, wala ndugu zake si Waislamu. Zaidi ana duka sokoni, ana akiba kidogo ya fedha, na ana fungu lake katika shamba la ukoo ambalo hati yake ingali kwa jina la babu. Siku moja Zaidi anafariki. Papo hapo yanazuka mambo matatu.

La kwanza ni maziko. Zainabu ataka mumewe aoshwe, asaliwe na azikwe kwa haraka kama ilivyoamrishwa. Ndugu zake wataka azikwe kwao, kwa wakati wao na kwa ada zao, kwani kwa Wajaluo kumzika mtu katika ardhi ya ukoo wake ni jambo kubwa sana. Tusiwadharau kwa hilo, maana nao wampenda maiti wao. Lakini tukumbuke yaliyompata S. M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo, ingawa hakuwa Mwislamu. Alikufa tarehe 20 Disemba 1986. Mkewe Wambui alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda mpaka Mahkama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na maiti akazikwa tarehe 23 Mei 1987, baada ya siku 154. Wakili mwenyewe, aliyewaandikia watu hati maisha yake yote, hakuacha hati yenye kukata shauri la maziko yake! Ikiwa hayo yalimpata yeye, ni lipi litakalomzuia Zaidi wa Oyugis yasimpate?

La pili ni nafsi ya Zainabu. Yawezekana akaambiwa kuwa kwa mila imempasa kurithiwa na mmoja wa shemeji zake. Sharia yetu imemwekea eda ya miezi minne na siku kumi ikiwa hana mimba, na ikiwa anayo, mpaka ajifungue. Kisha nafsi yake ni yake, akitaka aolewe na amtakaye, akitaka akae. Qur'ani imekataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu. Sheria ya Kenya nayo haimlazimishi mjane kuolewa na mtu asiyemridhia. Hapa basi sharia na sheria zimekubaliana. Lakini makubaliano hayo yamfaa nini mwanamke ambaye hakuambiwa na mtu?

La tatu ni mali. Tuseme baada ya gharama za maziko na baada ya kulipwa madeni, yakiwamo mahari aliyokuwa hajamlipa mkewe, zimebaki shilingi 480,000. Zainabu ana thumuni, maana maiti ameacha watoto: shilingi 60,000. Zilizobaki ni 420,000, hugawanywa mafungu manne: mwana mwanamume mawili, shilingi 210,000, na kila binti moja, shilingi 105,000. Mama yake Zaidi hapati kitu kwa mirathi, kwa sababu ya kutafautiana dini.

Hapo msomaji atauliza: Je, mama mzee aliyemzaa na kumlea ataondoka mikono mitupu? Jawabu ni kuwa sharia imefungua mlango mwengine, nao ni wasia. Mtu ana ruhusa ya kumuusia asiyekuwa mrithi wake mpaka thuluthi ya mali, na mama asiyekuwa Mwislamu ni katika hao. Lau Zaidi angalimuusia mamake thuluthi, mama angalipata shilingi 160,000. Zingalibaki 320,000: Zainabu 40,000, mwana mwanamume 140,000, na kila binti 70,000. Kila mtu angalipata, na mama asingalikuwa na sababu ya kumchukia mkwewe. Ugomvi mwingi udhaniwao ni wa dini mbili kwa hakika ni wa karatasi moja isiyoandikwa. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alitukanya tusilale masiku mawili tukiwa na jambo la kuusia ila wasia wetu uwe umeandikwa. Ni wangapi kati yetu waliotii?

MLANGO GANI ATABISHA ZAINABU?

Sasa Zainabu anataka haki yake. Katika Kenya, Makadhi hawakuzuka jana. Kwa mapatano ya mwaka 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza, mwambao wa maili kumi ulibaki na mahkama zake za sharia. Mwaka 1963, mwezi wa Oktoba, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte walipeana barua za kuzihifadhi mahkama hizo. Sheria ya Mahkama za Kadhi ya mwaka 1967 ikazipangia kazi, na Katiba ya mwaka 2010 ikazitaja katika kifungu cha 169 na cha 170.

Lakini Katiba hiyo imeweka mipaka. Kadhi huhukumu katika hali ya mtu kwa dini yake, ndoa, talaka na mirathi peke yake. Tena pale ambapo wanaoshindana wote ni Waislamu na wote wameikubali mahkama yake. Ndugu zake Zaidi si Waislamu. Wakidai shamba na kukataa kusimama mbele ya Kadhi, hawezi kuwalazimisha. Watu wa pwani wengi hawaujui mpaka huu, kwa kuwa haujapata kuwagusa.

Basi shauri litakwenda kwa hakimu au Mahkama Kuu. Je, huko sharia yetu imetupwa? La. Sheria ya Mirathi iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981 ilirekebishwa mwaka 1990, na tangu hapo yasema kuwa mali ya Mwislamu aliyekufa itagawanywa kwa sharia ya Kiislamu. Hata hakimu asiyekuwa Mwislamu ameamrishwa na sheria yake mwenyewe aufuate mgao huo. Na mali ya asiyekuwa Mwislamu aliyekufa bila ya wasia, akaacha mke mmoja na watoto, ina hukumu nyengine: mjane hupewa vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyobaki katika uhai wake, na watoto hugawana sawasawa. Kwa hivyo swali la mwanzo mahkamani ni hili: Je, Zaidi alikufa Mwislamu? Ndugu zake wakikanusha, Zainabu ataonyesha nini? Ikiwa ndoa yake iliandikishwa, kama ipasavyo ndoa zote kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, cheti chake kitamsemea. Ikiwa haikuandikishwa, atabaki kutafuta mashahidi, na mashahidi wengine wamekwisha kufa.

Kisha kuna taratibu ambazo haziepukiki. Haifai mtu yeyote kuigusa mali ya maiti kabla ya mahkama kumpa idhini ya kuisimamia. Aigusaye afanya kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wangapi wajua kuwa shemeji afungaye duka la marehemu na kuuza bidhaa zake amevunja sheria? Tena yahitajiwa cheti cha kifo, na barua ya chifu yenye majina ya waliobakia, na tangazo katika Gazeti la Serikali, na muda wa kungoja wenye kupinga. Na shamba lile lililo kwa jina la babu halitagawanywa kwa watoto wa Zaidi mpaka kwanza mirathi ya babu ifunguliwe. Hapo ndipo watu wengi wachokapo, wakaacha.

Juu ya hayo yote iko taabu ya lugha. Tuseme Zainabu ajua Kijaluo na Kiswahili cha sokoni. Katika mahkama za mahakimu lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahkama Kuu ni Kiingereza. Mshitakiwa wa jinai amepewa na Katiba haki ya mkalimani bila ya malipo, lakini karatasi za mirathi zajaa maneno ambayo hata msomi wa skuli hayafahamu. Wenzetu wa Tanzania mwaka 2021 walibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria na ya mahkama. Ni hatua kubwa, na yafaa sisi Waswahili wa Kenya tuitazame kwa makini.

ELIMU ILIYOPASULIWA NUSU MBILI

Sasa twafika kwenye kiini cha darasa. Tuseme Zainabu amepata wakili na amesimama mbele ya hakimu. Watu hao wawili walisomea wapi?

Zamani ukoloni haukupenda Waafrika wasome sheria, kwa kuchelea kuwa mwanasheria atakuwa mwanasiasa. Aliyetaka kuwa wakili hakuwa na skuli Afrika Mashariki. Ilimpasa kusafiri kwenda London na kwengineko. Argwings-Kodhek, Mjaluo wa Gem, alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili Kenya, katika miaka ya 1950, naye akawatetea watu walioshitakiwa kwa mambo ya Mau Mau. Mwaka 1961 kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Jaji Denning ilitoa ripoti juu ya masomo ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, na mwaka huohuo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam kwa ajili ya nchi zetu zote tatu. Skuli ya Sheria ya Kenya ikaanzishwa mwaka 1963, na kitivo cha Nairobi mwaka 1970.

Leo atakaye uwakili Kenya husoma chuo kikuu miaka minne, kisha huingia Skuli ya Sheria, na hukaa miezi sita akifunzwa kazi chini ya wakili. Mitihani ya huko mwisho ni tisa. Mmoja wao ni wa mirathi na usimamizi wa mali ya maiti. Lakini hapana mtihani wa peke yake wa sharia ya Kiislamu. Kwa hivyo kijana aweza kuwa wakili, na baadaye hakimu, wala hajapata kuhesabu thumuni ya mjane hata mara moja. Hatusemi kuwa hana akili wala uadilifu. Twasema hakusomeshwa.

Na upande wetu je? Mwanafunzi wa vyuo vyetu vya Lamu, Mombasa na Unguja husoma Safina, kisha Abu Shujaa, kisha Minhaji, na aliyefika mbali husoma Rahabia katika faraidh. Huyu thumuni aijua. Lakini muulize barua ya chifu yaandikwaje, au rufani ya hukumu ya Kadhi yapelekwa wapi, atanyamaza. Nayo rufani hiyo hupelekwa Mahkama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au Makadhi wawili hukaa pamoja na jaji kumshauri. Hapo nusu mbili za elimu zakutana meza moja: wa fiqhi asiyejua taratibu, na wa taratibu asiyejua fiqhi. Wakifahamiana, haki hupatikana. Wasipofahamiana, mjane ndiye aliyao.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2025 Mahkama ya Juu ya Kenya, katika shauri la mirathi lililotoka pwani, ilihukumu kuwa watoto wa Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao kwa sababu hiyo. Watu walisema mengi mabarazani, kwa hasira na kwa furaha. Lakini ni wangapi wawezao kuisoma hukumu yenyewe, wakakieleza kifungu cha 24 cha Katiba kwa upande mmoja na kauli za madhehebu kwa upande mwengine, wakajibu hoja kwa hoja? Makelele ya baraza hayaingii katika daftari la mahkama.

WENZETU KATIKA NCHI NYENGINE

Tusidhani ni sisi peke yetu. Misri, Sheikh Muhammad Abduh alipokuwa Mufti mwaka 1899 alizikagua mahkama za sharia, akaandika ripoti ya kutaka zitengenezwe na makadhi wafundishwe sawasawa. Mwaka 1907, baada ya kufa kwake, ikafunguliwa Cairo skuli maalumu ya makadhi, iliyochanganya fiqhi na elimu za zama zake. Skuli hiyo haikudumu, na mwaka 1955 serikali ya Misri ikatoa amri ya kuzifuta mahkama za sharia zenyewe, kazi yake ikatiwa katika mahkama za taifa. Lenye kuzingatiwa ni kuwa Abduh aliyaona mapungufu zaidi ya miaka hamsini kabla ya kufutwa. Mahkama isiyojitengeneza yenyewe hungoja kutengenezwa na wengine, au kuondolewa.

Marekani, sheria husomwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, na gharama zake ni kubwa mno. Barack Obama, mjukuu wa yule mtu wa Kanyadhiang, alisoma Harvard na kumaliza mwaka 1991. Naye amesema hadharani kuwa yeye na mkewe, mwanasheria pia, walichukua miaka mingi kuyalipa madeni ya masomo yao. Mwenye deni kubwa huenda penye malipo makubwa, wala si kwa mjane wa kijijini. Hapa kwetu nako ada ya Skuli ya Sheria hupita shilingi laki moja, mawakili hujazana Nairobi na Mombasa, na miji midogo hubaki na wachache.

Tanzania, Skuli ya Sheria kwa Vitendo ilitangaza mwaka 2022 matokeo yaliyowashitua watu: katika wanafunzi 633, waliofaulu kwa mara moja walikuwa 26; 342 waliambiwa warudie baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza. Somo hapo ni kuwa wingi wa vyuo si wingi wa elimu.

Lakini pia kuna mazuri. Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichofunguliwa Tunguu mwaka 1998, kinasomesha sheria na sharia chini ya dari moja. Uganda wana Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanza Mbale mwaka 1988, nacho kinasomesha sheria. Njia ya kuziunganisha nusu mbili imekwisha fyekwa. Kilichobaki ni watu wa kuipita.

SHAKA MOJA NA JAWABU LAKE

Wako watakaosema: Kusoma sheria za serikali ni kuridhia hukumu zisizokuwa za Mwenyezi Mungu. Twawajibu hivi. Nabii Yusufu, amani imshukie, alishika kazi chini ya mfalme wa Misri ili ahifadhi riziki za watu. Na Mtume wetu, kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano ya Makureshi ya kumsaidia aliyedhulumiwa, nayo ni Hilf al-Fudul. Na baada ya utume akasema kuwa lau angaliitwa tena katika mapatano kama hayo angaliitika. Kumwondolea mtu dhulma ni wema, popote ulipo mlango wake. Na amwachaye mjane anyang'anywe, huku akijisifu kuwa hakuingia katika mahkama ya serikali, hakuilinda dini. Amelinda raha yake.

Na sisi wa pwani tusijitakase. Zainabu wa Oyugis hunyimwa na shemeji asiyekuwa Mwislamu, asiyejua faraidh. Huku kwetu wako dada wanyimwao na ndugu zao wa tumbo moja, waliokhitimu Qur'ani, wakikaa katika nyumba ya urithi miaka ishirini bila ya kuigawa na kusema "tusivunje udugu." Mahkama ya Kadhi yaonekana kutoka dirishani, lakini dada aona haya kumshitaki kaka. Ni dhulma ya nani iliyo mbaya zaidi, ya asiyejua au ya ajuaye?

YATUPASAYO

Elimu ya hukumu ni fardhi kifaya: wakisimama nayo wa kutosha, wengine husalimika, wasiposimama, mji mzima hupata dhambi. Mtume ametukhofisha kuwa makadhi ni watatu, wawili wao ni wa Motoni, na mmoja wa hao wawili ni yule ahukumuye kwa ujinga. Basi twashauri haya:

Kwanza, kila mwenye mali, hata ikiwa ni cherehani moja, aandike wasia wake mbele ya mashahidi wawili, na humo ataje dini yake, maziko yake, madeni yake na amana za watu.

Pili, kila ndoa iandikishwe na cheti kihifadhiwe na mke. Walii asiyeulizia cheti hakumaliza kazi ya uwalii.

Tatu, darasa zetu zisomeshe mlango wa mirathi pamoja na njia yake ya mahkamani. Fungu bila ya njia ni nusu ya elimu.

Nne, kamati za misikiti na wenye uwezo wawasomeshe vijana sheria pamoja na fiqhi, waume na wake. Bibi Abida Ali-Aroni, Mwislamu, aliongoza Tume ya Kurekebisha Katiba ya Kenya, kisha akawa jaji. Mabinti zetu nao waweza. Na fungu la fadhila hiyo liwaendee Waislamu wa bara, ili Oyugis na Kendu Bay wapate wakili wao ajuaye Kijaluo, asiyehitaji mkalimani kumsikia mama yake Zaidi akilia.

Tano, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewatambua wasaidizi wa sheria wasiokuwa mawakili. Mwalimu wa madrasa, karani wa msikiti na mama wa chama cha kina mama wote waweza kufunzwa kazi hiyo. Kila mji uwe na wawili kama hao, na mjane wa kwanza atakayewafikia atakuwa ndiye mtihani wao.

MASWALI YA DARASA

Mwanafunzi ajibu haya kabla ya kukutana tena. (1) Mtu amekufa akaacha mke, binti mmoja na ndugu mwanamume wa baba na mama, wote Waislamu, na shilingi 240,000. Kila mmoja apata ngapi? (2) Lau ndugu huyo si Mwislamu na akadai shamba, Kadhi aweza kumhukumu? Kwa nini? (3) Taja mambo matatu ambayo marehemu angaliyaandika uhaini mwake, na ugomvi wa siku ya maziko usingalikuwako.

Atakayeyajibu sawasawa asikae na jawabu lake nyumbani. Na amwendee jirani yake mwenye mirathi isiyogawanywa, akamsomee.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe kuifuata, na awape walio dhaifu wa kuwasemea. Amin.